Kiapo Nilichokipiga Chapa Mwenyewe

Kabula mwanangu,

Salamu tuziache, maana asubuhi umeniamkia, na ukirudi kutoka stendi ya Nyegezi kukata tiketi utaniamkia tena, kama ulivyo, mtu wa kuamkia hata tukionana mara tano kwa siku. Niko dukani. Wanachuo wamepungua, mashine ya fotokopi nimeizima, na kazi iliyobaki mezani ni ripoti ya mwalimu mmoja atakayeifuata kesho. Najua utacheka ukiona mwandiko wangu, mtu aliyekusomesha kwa kupiga chapa karatasi za watu leo anahangaika na kalamu. Lakini kila ninachokipiga chapa kinatoka kimenyooka kama cha ofisini, na haya ninayotaka kukwambia hayajanyooka.

Sikuandikii habari za kula na kulala. Una miaka ishirini na tisa, umefundisha watoto wa watu miaka mitano, na uhamisho wa Musoma umeuomba mwenyewe. Nenda. Kwa hilo sina neno. Kinachonihangaisha ni Jumamosi.

Juzi uliweka simu sauti ya juu ili mikono yako ibaki kwenye mchicha, nami nikamsikia yule mzee anayekuuzia nyumba huko Musoma. Sauti yake nzuri, ya mtu aliyezoea kusoma masomo kanisani. Akasema, "Binti yangu, hii nyumba Mungu amekuandikia wewe. Jumamosi tumalizane, maana kuna mtu mwingine ananisumbua." Wewe kwa adabu zako ukauliza, "Na mama hajambo, baba?" Akajibu, "Mama yuko kijijini, Majita. Yeye hana usumbufu." Ukacheka. Mimi nikaweka kisu chini.

Ulipokata simu nikakuuliza kama huyo mama umewahi kumwona. Ukaniambia, "Sasa mama, nitaanzaje kumhoji mzee wa watu habari za mke wake? Si itakuwa namwita mwongo?" Nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale nayajua. Yalishatoka kinywani mwangu, tena kwa ukali kuliko wewe.

Mambo ya karatasi nimeyaweka kwenye faili la bluu: uende ofisi ya ardhi wakaangalie hati ni ya nani na kama imewekwa dhamana, utembee mipaka na majirani, utafute wakili wako mwenyewe na siyo wa kwake, pesa ipite benki. Hayo unayaweza, wewe ni mwalimu wa hesabu. Lakini karatasi hazikunishinda mimi pia, Kabula. Mikataba ya mauziano niliyowapigia chapa watu wa Butimba hii siwezi kuihesabu. Kila kifungu nilikijua kwa moyo. Na nyumba ya Kiseke tuliipoteza. Unajua ilivyopotea, au unadhani unajua. Nataka nikueleze mwenyewe.

Ulikuwa kidato cha pili. Tulipanga vyumba viwili kwa yule mama mwenye nyumba aliyekuwa akisimama bombani kuhesabu ndoo zetu, na mgeni wetu akifika anauliza atalala siku ngapi. Wewe ulimfanya kichekesho, ukimwigiza na kanga yake kiunoni. Mimi niliumia. Nilikuwa nikitandika kitanda nawaza kwamba kitanda ni changu lakini pale kilipokaa si pangu. Mtu akiwa na njaa ya namna hiyo, mwanangu, haoni sawasawa.

Basi akaingia dukani bwana mmoja, jina lake Lukas, anataka tangazo. Nyumba inauzwa Kiseke, vyumba vitatu, bei ya maelewano. Alitaka nakala kumi. Nikapiga chapa, nikatoa nakala kumi, na zote kumi nikazitia kwenye droo. Nikamwambia, "Kaka, usibandike popote. Mnunuzi umeshampata." Hapo baba yako alikuwa hajui lolote, yuko mjini, kichwa ndani ya jokofu la mtu analolitengeneza.

Jumapili tukaenda kuiona. Unamkumbuka baba yako, kazi yake ya kutengeneza majokofu ilimfundisha kutoamini kitu kwa kukitazama nje. Alizunguka akigonga kuta, akapanda kuangalia mbao za paa, akauliza maji ya mvua yanapita wapi. Mimi nilisimama mlangoni. Kati ya majabali mawili nikaona kipande cha ziwa, na moyoni nikawa nimeshatundika mapazia.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwanamke anaanika michembe juu ya jabali, mtoto mgongoni. Viazi alikuwa amevikata vipande vyembamba, amevipanga vizuri, jabali zima jeupe. Aliponiona alipiga goti akanisalimia kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje, mama. Nikamwitikia. Sijafungua mdomo kuuliza, Lukas akasema haraka haraka, "Huyo ni binti ananisaidia kazi."

Kabula, yule mtoto alikuwa na paji la uso la Lukas na masikio ya Lukas. Na mfanyakazi haaniki michembe ya kula miezi sita kwenye nyumba ambayo tajiri wake anaiuza mwezi huo huo. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu mawili. Nikasema, "Viazi vyako vizuri." Nikageuka, nikaenda kuangalia choo.

Jioni tukiwa nyumbani baba yako akaniuliza, "Yule mama wa michembe ni nani?"

Nikamwambia ni mfanyakazi.

"Amesema yeye, au amesema Lukas?"

Nikamgeukia. "Wewe unataka kuoa au unataka kununua nyumba? Nianze kuhoji wanawake waliomo kwenye nyumba ya mwanaume wa watu? Utaniaibisha." Unamjua baba yako, ukimpandishia sauti anatafuta kitu cha kutengeneza. Alichukua redio akaifungua nyuma na bisibisi, na redio ilikuwa nzima.

Wakili alituambia wazi. Muuzaji akiwa na mke, mke atie saini kwamba ameridhia. Asipokuwa na mke, aape kwa maandishi kwamba hana. Lukas akaja dukani siku iliyofuata. Akasema, "Mama, hicho kiapo andika tu kama unavyowaandikiaga watu." Mfano nilikuwa nao kwenye kompyuta, wa kijana mmoja aliyeuza kiwanja kabla hajaoa. Nikafuta jina la yule kijana, nikaweka la Lukas. Kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kwamba nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu mwenyewe. Kwamba sina mke.

Nilipofika hapo vidole vilisimama. Nikamtazama Lukas. Alikuwa anasoma kalenda iliyoko ukutani kana kwamba ana mtihani nayo. Dukani tulikuwa wawili tu, hakuna wa kumwaibisha mwenzake, swali lenyewe halizidi maneno manne. Nikainamisha kichwa nikapiga chapa.

Miaka mingi nilijiambia ilikuwa ni heshima. Nikajiambia kiapo ni cha anayeapa, mimi ni mpiga chapa tu. Uongo. Sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na nikiuliza akanijibu, nyumba inaondoka. Nimekuzaa wewe na sijawahi kumwambia mtu sentensi hiyo.

Wakili akagonga muhuri bila kuinua macho. Mwenyekiti wa mtaa akasaini, mashahidi wakanywa soda zao. Jina la mnunuzi nikaandika la baba yako, maana nilitaka majirani wa Kiseke waone kwamba mume wangu ana nyumba. Alisaini. Alinitazama kwanza, halafu akasaini.

Wiki ya tatu tangu tuhamie ikapigwa hodi, na wewe ndiye uliyefungua. Ukaniita, "Mama, kuna mgeni." Hukujua unachokisema, ulikuwa mtoto. Alikuwa yeye, mtoto mgongoni na kuku kwenye kikapu, ametoka kwao Kwimba. Lukas alikuwa amempeleka huko akamuuguze mama yake mzazi. Alitazama mapazia yangu, akatazama viatu vyenu mlangoni, halafu akanitambua, akafurahi kabisa. Akasema, "Mayu, mmekuja kututembelea?"

Nilimkaribisha kiti, nikampa maji. Nilikuwa namkaribisha kwenye nyumba yake. Jina lake Nyanjige. Matofali ya nyumba ile walifyatua wote wawili, yeye akiwa na mimba ya kwanza.

Mengine uliyaona. Baraza la ardhi, tarehe zinasogezwa, mwaka mzima na zaidi tunaishi kwenye nyumba kama watu waliokaa kituoni na mizigo. Siku ya ushahidi wewe ulikuwa shule. Mwenyekiti wa baraza alimuuliza Nyanjige, "Hawa wanunuzi walikuja kwako kabla ya kununua?" Akajibu taratibu, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Alisema, "Mama huyu alikuja. Alinisalimia vizuri, akasifia viazi vyangu. Angeniuliza ningemwambia. Nilikuwepo tu."

Wakasema mauziano ni batili, nyumba ya ndoa haiuzwi bila mke kuridhia, na mnunuzi alipaswa kuuliza. Pesa tumdai Lukas. Lukas alikuwa ameshaenda Chunya kwenye dhahabu, na hadi leo sijui kama yuko hai. Tukarudi Butimba kupanga.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Ndugu walikuja kutupa pole. Baba yako mkubwa akasema mbele ya watu wote, "Mwanaume mzima unanunuaje nyumba bila kuuliza mwenye mali ana mke?" Baba yako alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinyamaza. Na mimi nilinyamaza. Niliangalia mkeka, Kabula. Niliangalia mkeka mpaka wakahamia kwenye habari nyingine. Na wewe ulikuwa umesimama pale na trei ya chai, ukamwambia baba yako, "Kumbe hata hukuuliza?"

Wewe mtu wa kuamkia kila mtu, ukampita baba yako mlangoni likizo nzima bila shikamoo. Niliona kila mara. Siku moja nikamwambia, leo namwambia mtoto ukweli. Akanizuia. Alisema, "Acha. Akinikasirikia mimi bado anabaki na wewe. Akikukasirikia wewe, ataenda kwa nani?" Nikaona ni hekima, nikaipokea, kwa kuwa ilinifaa. Nikaachia miaka ikapita, na alipougua nikasema nitasema akipona.

Mlipatana, nashukuru Mungu. Nilikuona hospitalini ukimkata kucha. Ulimwambia, "Baba, ile habari ya nyumba mimi nimeshakusamehe." Akakushukuru. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai upande wa pili wa kitanda. Alikufa akiwa amesamehewa kosa ambalo hakulifanya, na aliyelifanya alikuwa amesimama pale pale.

Ndiyo maana nakwambia habari ya Jumamosi kwa woga huu. Simwogopi yule mzee. Huenda ni mtu mkweli kabisa na mke wake ameridhia siku nyingi, na mimi namsingizia bure. Ninayemwogopa ni wewe. Umenionyesha picha ya ile veranda mpaka nimeijua nyufa zake. Umeshachagua chumba changu, umeshasema kitanda changu kitazame dirisha. Unaongea nilivyoongea mimi nikiwa nimesimama mlangoni Kiseke. Ukiwa hivyo, utamsikia mtu anasema "hana usumbufu" na utacheka, na moyoni utajua kabisa kwa nini umecheka.

Nenda Majita kabla ya Jumamosi. Ijumaa. Usimhoji mzee wala usimtuhumu. Mwambie, "Baba, kwetu siwezi kuchukua nyumba yenu bila kumwamkia mama." Hakuna mzee anayekasirishwa na hilo kama mambo yake ni safi, atafurahi, na kuku atachinja. Akianza kukwambia barabara mbaya, mara mama mgonjwa, mara mama hapendi wageni, hapo umeshajibiwa. Chukua sukari na sabuni. Kaa naye jikoni, msaidie anachokifanya, usikae sebuleni na wanaume.

Na usimuulize kama ameridhia. Mke wa mtu, mumewe yuko hatua mbili pale nje, atakwambia ameridhia. Muulize hivi: "Mama, hii ikishauzwa ninyi mtahamia wapi?" Kama walikaa wakaongea, atakueleza, atakutajia mpaka rangi ya milango. Kama hawakuongea, utamwona usoni kabla hajakujibu. Nimelifikiria swali hilo miaka yote. Lingekuwa rahisi sana kulisema pale kwenye jabali.

Akikosa jibu, inuka. Hata kama mzee atasema kiapo cha mama kuridhia kipo tayari. Hata kama wakili atasema inatosha. Najua utaumia, mkopo umeshapitishwa na chumba cha kupanga Musoma kitakuwa kibaya, labda na mama wa kuhesabu ndoo. Rudi ukapange. Mimi nitakuja kukaa na wewe kwenye hicho chumba kimoja, nilale chini, sitalalamika, na unajua mimi ni mtu wa kulalamika.

Nakuona ng'ambo ya barabara, unanunua ndizi, tiketi umeishika mkononi kama mtoto. Mpango wangu ulikuwa niitumbukize barua hii chini ya nguo zako, uikute Musoma, unikasirikie ukiwa mbali na mimi nibaki hapa najifanya nasubiri simu. Nimeandika mpaka hapa nikaona ni tabia ile ile, kupitisha karatasi huku nimeinamisha kichwa.

Kwa hiyo begi lako siligusi. Ukiingia nitakupa mkononi, nitavuta kiti, nikae mbele yako ukiisoma. Ukimaliza, nitazame, uniulize chochote. Nitajibu.

Mama yako